Beberu Mlangoni, Mpaka Mlimani

Mara ya mwisho tuliachana vibaya, ninyi na mimi. Ninyi mlikunja gazeti mkaenda kufungia karanga. Mimi nilibaki kizingitini kwangu, miguu mitupu, damu ya beberu wa ami yangu ikinichuruzikia katikati ya vidole.

Kwa aliyechelewa, nitasema harakaharaka kabla mama hajanisikia.

Jina langu Ichu. Mali yangu duniani ni cheti cha sekondari na suti moja. Msemaji wa ardhi ya pamoja ya kijiji chetu alipofariki, watu walikusanyika kumchagua mwingine, nami nikatania kutoka nyuma: “Nipeni mimi, nina suti!” Watu wakaangua kicheko, wakapiga makofi, na kabla sijaketi nilikuwa nimeshachaguliwa.

Tangu siku hiyo sijacheka vizuri.

Maana serikali inataka kupanua hifadhi. Ile ya kondoo-mwitu, iliyokaa kileleni huko juu miaka yote bila kumsumbua mtu, sasa inataka kushuka hadi malisho ya Almu. Tangazo lilibandikwa. Wananchi wakapewa muda wa kutoa maoni, maoni yakatolewa, mengine hayaandikiki hapa. Na Alhamisi hii kamati inapanda mlimani kuukagua mpaka mpya kwa miguu.

Ikifika Almu, mwenyekiti wa kamati atamgeukia msemaji wa ardhi, yaani mwenye suti, amuulize mbele ya kijiji kizima: mnakubali au mnapinga? Jibu lake ndilo litakalokwenda mji mkuu. Likishagongwa muhuri huko na kuchapwa kwenye Gazeti la Serikali, hata mgaegae chini kama punda, halirudi.

Sasa sikilizeni nilivyobanwa.

Mtaa wa Juu, kwao marehemu baba yangu, ni watu wa kondoo na mbuzi. Almu ikifungwa, wanyama wao watatafuna mawe. Wanataka niseme hapana.

Mtaa wa Chini, kwao mchumba wangu Itto, ni watu wa shayiri na mitufaa, na maji yao yanatoka kwenye chemchemi iliyo chini ya Almu. Kila mwaka nyasi za Almu zinaliwa mapema zaidi, na kila mwaka chemchemi inakohoa zaidi. Wanataka niseme ndiyo.

Mimi nilitaka kusema naumwa tumbo.

Ndipo ami Hdidu, mkubwa wa Mtaa wa Juu, akaja na beberu.

Kwetu, mtu akichinja mnyama kwenye kizingiti chako, amekufunga. Tunaita aar. Hakuna kukubali wala kutia saini. Damu ikishagusa kizingiti, ombi lake limekuwa mzigo wako, na ukiutupa, hakuna atakayekula nawe, atakayekuoza binti yake, wala atakayebeba jeneza lako. Kinga ni moja tu: unamshika mnyama pembe kabla kisu hakijashuka, unamgeuza arudi alikotoka. Hata mtoto wa kwetu anajua hilo.

Mimi nilifungua mlango na usingizi machoni. Nikamwona ami. Nikamwona beberu. Nikasema, “Ami, mbona sikukuu bado?”

Kisha nikacheka mzaha wangu mwenyewe. Nilipomaliza kucheka, beberu alikuwa amemaliza kuishi.

“Mwana wa ndugu yangu,” ami akasema, akifuta kisu kwenye manyoya ya marehemu, “Alhamisi utasema hapana.”

“Ami, si ungeniomba tu kwa mdomo?”

“Ningekuomba kwa mdomo ungenijibu kwa mzaha. Nakujua wewe. Ulizaliwa unacheka, mkunga akadhani una degedege.”

“Na nikisema ndiyo?”

“Hutasema.”

“Tuseme ulimi umeteleza.”

Akanitazama kama anayemtazama mbuzi mgonjwa, achinjwe au asubiriwe.

“Basi usije kwenye mazishi yangu, na mimi sitakuja kwenye yako.”

“Ami, atakayetangulia hatapata shida ya kukataa kuja.”

Hakucheka. Alijifunika joho lake la sufu, akapanda zake njia ya Juu.

Mama alitoka na ndoo. Mama yangu Tuda si mtu wa maneno mengi, lakini machache aliyonayo ameyanoa.

“Ulishindwaje kumshika pembe? Pembe zile, ndefu kama usukani wa baiskeli!”

“Nilikuwa nacheka, mama.”

“Haya, endelea.” Akamwaga maji. “Hapa naosha jiwe tu. Neno haliondoki. Na nyama hii hatuli, wape maskini.”

“Mama, maskini si ndio sisi?”

Ndoo ilinipita karibu na sikio.

Kesho yake nilivaa ile suti iliyoniponza, nikateremka hadi ofisi ya tarafa. Nilikuwa nimepata wazo nikaliona la akili sana. Najiuzulu. Msemaji akiwa mtu mwingine, basi damu ya beberu imfuate huyo mwingine.

Karani alikuwa anamenya chungwa juu ya meza.

“Unataka kujiuzulu?”

“Ndiyo.”

“Unaruhusiwa.”

“Alhamdulillahi!”

“Zoezi hili likishafungwa.”

“Litafungwa lini?”

“Amri ya kupanua ikishachapwa.”

Nikaegemea meza yake. “Basi Alhamisi nitakuwa mgonjwa.”

“Ugua salama. Msemaji asipofika, au akifika akanyamaza, sheria inahesabu kwamba hakuna pingamizi.”

“Kwa maana gani?”

“Kwamba mmekubali.”

“Kwa hiyo nikiugua ni ndiyo. Nikinyamaza ni ndiyo. Na nikifa?”

Akatia kipande cha chungwa mdomoni. “Ukifa utujulishe mapema, mlima wenyewe una baridi, tusipande bure.”

Wasomaji wangu, niliganda pale. Beberu wa ami angenifuata hata nikiwa kitandani, hata nikiwa kaburini. Nikimtoroka mwenyekiti, nimemsaliti ami.

“Ndugu msemaji.”

Aliyeniita ni Bi Ghizlan, mhandisi wa misitu, ndiye aliyeuchora huo mpaka mpya. Alitoka mjini Meknes na viatu vya kisigino. Sasa anavaa mabuti yenye matope kuzidi ya mchungaji yeyote wa kwetu, na visigino vyake, wanasema, vimebaki kwenye tope la njia ya Juu.

“Kuna jibu la tatu,” akasema.

“La tatu?”

“Mnaweza kukubali kwa sharti. Almu inaingia hifadhini. Hakuna kujenga, hakuna kulima, hakuna malori ya kondoo kutoka mbali. Lakini desturi yenu ya kuifunga majira ya kuchipua na kuifungua kiangazi, kwa wanyama wa kijiji peke yao, inaandikwa ndani ya amri yenyewe. Sheria inaruhusu.”

Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka suti.

“Bi Mhandisi, mbona hukulisema mapema?”

“Nililisema. Mkutano wa kwanza kabisa. Wewe ulikuwa unawaigizia wenzako mwenyekiti anavyopiga chafya.”

Karani akacheka hadi chungwa likampalia. Mimi nikatazama viatu vyangu, navyo vikaona aibu.

“Ila usikimbie bado,” Bi Ghizlan akaendelea. “Sharti halisimami kwa mdomo wako peke yake. Mitaa yote miwili iseme kitu kimoja. Upande mmoja ukipinga pale mlimani, mwenyekiti atalifuta sharti, atakudai jibu tupu, ndiyo au hapana. Na jioni ya kuamkia Alhamisi nataka nisikie kwa masikio yangu kwamba mmeelewana, nijue nimwandalie mwenyekiti karatasi gani.”

Nilipanda mlima siku ile kama mtu aliyepewa mabawa. Nilimkuta ami Hdidu zizini, anamkagua kondoo meno.

“Ami, sikiliza. Almu itafungwa majira ya kuchipua, itafunguliwa kiangazi, kwa wanyama wetu tu. Hii si ndiyo agdal yetu? Si ndivyo walivyoifunga mababu?”

“Agdal serikali imeijulia wapi?”

“Kwetu. Maana sisi tumeshaisahau. Nani mwaka jana alipandisha kondoo kwa lori kabla ya siku ya kufungua?”

Ami akamwachia kondoo mdomo. Lile lori lilikuwa la wanawe.

“Usinichokoze, we mtoto.”

“Sikuchokozi, ami. Nauliza tu lilikuwa lori la nani.”

Ami akasema taratibu, na hapo kwa mara ya kwanza niliona kwamba ami yangu anaogopa.

“Sharti la serikali ni kama theluji ya Aprili. Asubuhi unaikanyaga, mchana unauliza ilikuwa wapi. Leo nikubali. Kesho watu wa Chini waende kushtaki kwamba mbuzi wangu wanachafua chemchemi yao. Nani atanitetea? Wewe na suti yako?”

“Unataka nini, ami?”

“Namtaka Rqiya. Aje asimame mbele yangu, aseme kwa mdomo wake kwamba wanyama wa Juu wana haki Almu. Rqiya akisema neno, Mtaa wa Chini wote wamesema. Siku hiyo nitaifungua aar yangu palepale, mbele ya watu.”

Maana kwetu aliyefunga ndiye anayefungua, hakuna mwingine.

“Ami, nikubusu kichwa?”

“Busu. Ila usiongee.”

Rqiya ni mama yake Itto. Ni mjane, na tangu mumewe afariki ndiye anayegawa zamu za maji Mtaa wa Chini. Wanaume wazima wenye ndevu wanasimama na majembe begani wakimngoja yeye aseme mfereji ufunguliwe. Nilikuwa namwita mama mkwe. Alikuwa anapenda, ingawa hakuwahi kukiri.

Siku ileile nikateremka kwake. Itto alileta chai ya nanaa, akaimimina kutoka juu kabisa hadi ikatoa povu, akaninong'oneza alipoinama, “Suti ina samadi ya mbuzi kwenye pindo.”

“Ni mtindo mpya.”

“Itto,” mama yake akaita, “kakate majani ya ng'ombe.”

“Nimeshakata.”

“Kakate tena. Ng'ombe ameniambia ana njaa.”

Itto akatoka, akinitupia jicho la kwamba nitamweleza yote baadaye. Nami nikamweleza Rqiya yote: sharti, agdal, aar, hofu ya ami. Alisikiliza bila kugusa chai yake. Nilipomaliza akaitikia kwa kichwa, akakubali.

“Ni jambo zuri. Nyasi zikipumzika majira ya kuchipua, chemchemi itarudi. Sihitaji Almu yote, nahitaji maji.”

“Mama mkwe, Mungu akuweke!”

“Lakini.”

Chai yangu ilikuwa na sukari ya kutosha harusi nzima, lakini hiyo “lakini” ikaichachua.

“Watu wangu wanataka Almu ifungwe moja kwa moja. Nikisimama kuwaambia mbuzi wa Juu waingie, wataniuliza kwa nini. Na watajijibu wenyewe: kwa sababu msemaji ni mkwe wake. Neno langu litanuka kabla halijawafikia. Hawatanifuata, na huyo mhandisi wako atabaki na mitaa miwili inayotukanana mlimani.”

“Kwa hiyo tufanyeje?”

“Kwa hiyo usiwe mkwe wangu.”

Nikacheka. Yeye akanywa chai.

“Sitanii, Ichu.”

“Yaani mpaka Alhamisi ipite?”

“Nikivunja leo nikaunga Ijumaa, hiyo ni michezo ya kuigiza, na watu wangu hawakuzaliwa jana. Ukivunja, umevunja. Nitairudisha sukari ya posa uliyoleta, na hina, na ushungi, mchana kweupe, watu waone. Hapo neno langu litakuwa safi. Hapo nitalisema.”

Nilitazama chini ya glasi. Nikisema hapana, chemchemi ya watu hawa itakufa. Nikisema ndiyo, ami ataniona maiti inayotembea. Nikinyamaza, nimesema ndiyo. Na lile jibu la tatu, lililoniinua hadi mawinguni, sasa lilikuwa limekaa mbele yangu na bei yake. Kila mlango niliousukuma ulikuwa ni ukuta uliopakwa rangi ya mlango.

“Sawa,” nikasema.

Wasomaji wangu, kwa miaka yangu yote sijawahi kusema neno fupi hivyo. Na halikuwa langu peke yangu kulisema.

“Jumatano baada ya alasiri nitakuja kwako na wazee wangu,” Rqiya akasema. Akasimama, akanishika bega. Mkono wake ulikuwa mzito kidogo. “Ungekuwa mkwe mzuri. Mpumbavu, lakini mzuri.”

Njiani nikakutana na Itto, mgongoni mzigo wa majani mkubwa kuliko yeye.

“Haya, mmeongea nini?”

“Mambo ya mifereji.”

“Mifereji gani inayokutoa jasho hivyo?”

“Mirefu.”

“Ichu.”

“Nachelewa, Itto. Ami ananingoja.”

Akanipisha njia. Nilipogeuka nyuma alikuwa bado amesimama palepale na mzigo wake, ananitazama ninavyokimbia.

Jumatano nikamweleza mama. Alikuwa anakanda unga wa mkate. Akaacha kukanda.

“Msichana umemuuliza?”

“Mama, hili ni jambo la mlima, la kijiji kizima, la sheria…”

“Nimekuuliza habari za msichana, unanijibu habari za mlima.”

“Angeniambia nini zaidi ya kulia?”

“Itto? Kulia?” Mama akaupiga ule unga kofi, na nadhani alikuwa ananifikiria mimi. “Haya. Nenda kamwite ami yako.”

Nikaenda. Ami akasema anatawadha kwanza, atanifuata. Nikashuka peke yangu, jua limeanza kuinama, nikipanga kichwani: Rqiya atasema, ami atafungua, Bi Ghizlan ataandika, Alhamisi nitasimama Almu niseme “tunakubali kwa sharti” kwa sauti nene. Watu watalia. Mwenyekiti atapiga chafya. Mimi nitarudi nyumbani nikalale siku nzima na kidonda changu.

Nilipokaribia nyumba nikasikia mngurumo ndani. Jiwe la kusagia.

Nikasimama. Tangu mashine ya kusaga iletwe kijijini, mama hajaligusa lile jiwe, na bega lake la kulia ni bovu. Nani anasaga?

Nikaingia, nikafunga mlango kwa komeo nyuma yangu. Sijui kwa nini nilifunga. Moyo ulijua.

Itto alikuwa ameketi sakafuni, mikono ya nguo ameipandisha hadi kwenye viwiko, ameshika mpini wa jiwe, anazungusha. Juu ya jiwe hapakuwa na hata punje moja. Mama alikuwa ukutani, kiganja mdomoni.

“Itto, unasaga nini? Mbona hakuna nafaka?”

“Nakusaga wewe.”

“Amezungusha mara tatu kabla sijainuka kwenye mkeka,” mama akasema. “Nimeona kwa macho yangu. Msichana akija mwenyewe kwenye nyumba ya watu, akashika jiwe lao akalizungusha, kijana wa nyumba hiyo amefungwa. Lazima amwoe. Ni aar kama ile ya damu.”

“Najua, mama.”

“Sikuambii wewe. Najiambia mimi. Bibi yako aliingia nyumba hii namna hiyohiyo.”

Itto hakuacha kuzungusha.

“Mama ameniambia mchana huu. Alikuwa anafunga sukari kwenye kitambaa, nikamuuliza inakwenda wapi. Umeniuza kwa nyasi, Ichu.”

“Si nyasi. Ni Almu!”

“Almu ni nini kama si nyasi?”

“Ni chemchemi yenu. Ni mbuzi wa ami. Ni watu wote wa…”

“Na mimi ni nani?”

Nikatafuta mzaha. Mimi, Ichu, niliyemtania hata imamu. Nikatafuta juu, nikatafuta chini, sikuona hata mmoja.

“Itto, nisikilize. Mama yako yuko njiani na wazee wake. Akijua uko hapa, ataona nimemchezea, hatasema neno. Asiposema, ami hafungui aar yake. Ami asipofungua, kesho mlimani…”

“Kesho mlimani utasema nini?”

“Sijui.”

“Ungeniuliza jana ningekusaidia kufikiri. Nina akili kukuzidi, unajua hivyo. Leo sikuja kufikiri. Nimekuja kufunga.”

“Aliyefunga anaweza kufungua.”

“Anaweza.”

“Utafungua?”

Akazungusha duru nyingine, polepole, jiwe likalia kama tumbo lenye njaa.

“Angalau ukae kimya mpaka waondoke,” nikamsihi. “Dakika chache tu. Waseme, wafungue, waende.”

“Nikae kimya. Kama ulivyokaa kimya wewe jana, nimebeba majani ya ng'ombe na wewe unanieleza mifereji?”

Mama akainua mkono. “Shh.”

Nje palikuwa na vishindo. Vingi. Nikasikia kikohozi cha ami Hdidu, nikasikia mabuti ya Bi Ghizlan yakikwaruza changarawe, nikasikia wazee wa Chini wakisalimiana na wazee wa Juu kwa sauti za kistaarabu ambazo sikuwahi kuzisikia kwao maisha yangu yote. Kisha mlango ukagongwa.

“Wenye nyumba!” Ilikuwa sauti ya Rqiya. “Ichu, tumefika. Ami yako yupo, mhandisi yupo, wazee wangu wako hapa. Sukari yako nimeileta, na hina, na ushungi, kila mtu njiani ameviona. Fungua nilitoe neno langu mapema, kesho tuna mlima.”

“Mwana wa ndugu yangu!” ami akaita, na alikuwa na furaha, jambo ambalo lilinitisha zaidi. “Fungua! Leo nakufungua na wewe unifungulie!”

Wazee wakacheka. Hata Bi Ghizlan nilimsikia akicheka.

Nikashika komeo. Nyuma yangu jiwe lilikuwa linanguruma.

“Nani anasaga humo?” Rqiya akauliza. Kicheko cha nje kikapungua. “Tuda, ni wewe? Bega si bovu?”

Mama akafungua mdomo. Akanitazama. Akaufunga.

Jiwe likanyamaza.

Sasa kimya kilikuwa kibaya kuliko mngurumo, maana nje nao walinyamaza, na watu wa mitaa miwili wakinyamaza kwa pamoja ujue wote wanasikiliza.

Itto akasimama. Akashusha mikono ya nguo yake, mmoja, halafu wa pili. Akaja hadi niliposimama, karibu sana hata nikahisi joto la viganja vyake vilivyosugua mpini, akaniletea mdomo sikioni.

“Wewe si ndiye msemaji?” akaninong'oneza. “Haya. Sema.”